Tusingoje Chombo cha Mgeni

Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hapana mtoto wa visiwa hivi aliyelelewa na wazee wake akawa hajalisikia neno hili. Tumelisikia chuoni tulipokuwa tukishika juzuu, tumelisikia skuli, na mara nyingi tumelisikia katika mikutano ya Chama na ya Serikali. Lakini neno jema likisemwa sana bila ya kutendwa huishiwa na uzito wake. Leo tunataka kuzungumza na wananchi wenzetu, na pamoja nao viongozi na watendaji wa Serikali, juu ya jumuiya ndogo ndogo za hisani zilizomo katika shehia zetu, na juu ya wajibu tulionao wa kuzichangia.

Miaka michache iliyopita tulifika katika kisiwa kidogo kimoja kati ya visiwa vinavyoizunguka Pemba. Hatutakitaja jina, kwa sababu lililotokea hapo lingeweza kutokea popote. Wananchi wa kisiwa hicho walikuwa wameunda kamati yao, wakachangizana mpaka wakanunua mashua na mashine ya kuwavushia wagonjwa. Kila nyumba ilitoa kidogo kila mwezi. Mvuvi aliyerudi na samaki alitoa fungu, na aliyekuwa hana kitu alitoa nguvu zake kwa kuikwangua mashua na kuipaka rangi. Kwa muda wa miaka kadhaa mashua hiyo ilivusha wagonjwa usiku na mchana, na hapana aliyeulizwa nauli.

Kisha zikaja habari kwamba wafadhili kutoka nje wataleta boti ya kisasa. Watu wakafurahi, na ni haki yao kufurahi. Lakini pamoja na furaha hiyo michango ikaanza kupungua, na baada ya miezi michache ikakatika kabisa. Kila mmoja alijiambia kwamba hapana haja ya kuendelea kutoa, kwani boti iko njiani. Boti haikuja mwaka huo, wala mwaka wa pili yake. Usiku mmoja wa kusi, mama mmoja alishikwa na uchungu, na mkunga akaona kwamba lazima avushwe. Mashua ipo, mashine ipo, petroli hakuna. Vijana walipiga makasia dhidi ya upepo kwa muda wa saa nyingi. Mama alinusurika, lakini mtoto hakuwahi kulia.

Mzee aliyekuwa mshika fedha wa kamati alitufungulia daftari lake. Alitutaka tuutazame ukurasa wa mwisho wenye majina ya waliotoa, na baada yake kurasa nyeupe tupu. Hakumlaumu mfadhili, na sisi hatumlaumu. Aliilaumu kamati yake na akajilaumu nafsi yake, kwa kuwa waliacha kilicho chao wakangoja cha mgeni. Hilo ndilo jambo lililotufanya tuandike makala haya.

ASILI YETU

Yafaa kwanza tujikumbushe kwamba kusaidiana si jambo tulilofundishwa na mashirika ya kigeni. Dini ya wengi wetu imeifanya zaka kuwa nguzo, ikaweka kiwango chake katika fedha kuwa sehemu moja ya arobaini kwa mali iliyotimia kiwango na kukaa mwaka, na ikataja mafungu manane ya wanaostahiki kupewa. Sura fupi ya al-Maun, ambayo watoto wetu huihifadhi mapema, inamkaripia mwenye kusali huku akimsukuma yatima na kuzuia hata msaada mdogo wa kuazimana vyombo. Hivyo basi, mtu hawezi kuuacha umasikini wa jirani yake nje ya mlango wa msikiti akadhani kwamba umebaki huko.

Juu ya zaka ikawekwa sadaka, na juu ya sadaka ukawekwa wakfu, yaani mali ambayo mwenyewe ameizuilia ili isiuzwe wala isirithiwe, bali manufaa yake yaendelee kuwafikia waliokusudiwa. Misikiti, visima, makaburi, mashamba ya minazi na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimepita katika mkondo huu. Mwaka 2007 Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria Namba 2 inayohusu Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kwa hivyo taratibu za zamani zikapata nafasi yake katika sheria za leo.

Pale Mizingani, mkabala na bahari, lipo jengo la Dispensari ya Zamani lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Ujenzi wake uliasisiwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, akikusudia pawe mahali pa kutibiwa wasio na uwezo. Yeye alifariki kabla halijamalizika, na baadaye likaangukia mikononi mwa tajiri mwengine na likatumika kweli kuwa dispensari ya hisani. Hatusahau kwamba utajiri wa zama zile ulijengwa juu ya mgongo wa watumwa na wakulima wa karafuu, na kwamba hisani ya tajiri haiwezi kuwa badala ya haki. Lakini tunaona pia kwamba hata katika zama za dhuluma ilifahamika kuwa mji hauwezi kuishi iwapo kila mtu anatazama mlango wake tu.

Wanyonge nao hawakungoja matajiri. Walikuwa na upatu wao, chango lao la maziko na arusi, na utaratibu wao wa kulimiana na kuezekeana nyumba. Hata siasa yetu ya ukombozi ilianzia katika jumuiya za watu wa kawaida. African Association ilianzishwa mwaka 1934, Shirazi Association ikaanzishwa mwaka 1939, na kutokana na mbili hizo ikazaliwa Afro-Shirazi Party tarehe 5 Februari, 1957. Watu waliozoea kuweka senti zao pamoja ndio walioweza baadaye kuziweka nguvu zao pamoja.

SERIKALI NA WANANCHI

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, Serikali ilibeba mizigo ambayo kabla yake mwananchi alikuwa akiibeba peke yake. Mwaka huo huo ardhi ilitangazwa kuwa mali ya umma na elimu ikatangazwa kuwa bure, na mwaka uliofuata matibabu nayo yakatangazwa kuwa bure. Haya ni mafanikio makubwa. Mtoto wa mkwezi na mtoto wa mchukuzi walikaa dawati moja na mtoto wa bwana, na sisi tunaoandika haya ni matunda ya dawati hilo.

Hata hivyo, baadhi yetu tuliifahamu vibaya neema hiyo. Tulidhani kwamba maadamu Serikali ni yetu, basi kila kitu ni cha Serikali na sisi hatudaiwi kitu. Huo haukuwa mwendo wa wazee wetu. Skuli ngapi za Unguja na Pemba zilianza kwa wananchi kubeba mawe, kuchoma chokaa na kusimamisha kuta, kisha Serikali ikaja kuezeka, kutia madawati na kuleta walimu? Kuta zilikuwa za wananchi, paa lilikuwa la Serikali, na skuli ilikuwa ya wote. Mahali ambapo mwananchi ametia jiwe lake, huwa hakubali kuona dirisha limevunjwa akanyamaza.

Kwa upande wake Serikali haina haki ya kusema kwamba kwa kuwa wananchi wanasaidiana, basi yenyewe ipumzike. Mwezi wa Aprili, 2016, Zanzibar ilianza kutoa pensheni jamii kwa kila mzee aliyefikia umri wa miaka 70, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi ilipoanza, bila ya kumuuliza kama aliwahi kuajiriwa. Hilo ni jukumu la dola, na halifai kuachiwa huruma ya mtu. Lakini pensheni haimchotei maji mzee aliye peke yake, wala haimgeuzi ubavu akiwa kitandani. Haijui kwamba leo hakuamka. Jirani ndiye anayejua, na jumuiya ya mtaa ndiyo inayoweza kuwapanga majirani ili zamu isikatike.

KWA NINI JUMUIYA ZA HAPA HAPA

Zipo sababu tatu zinazotufanya tusisitize jumuiya za mtaani na vijijini.

Sababu ya kwanza ni kujuana. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kamati ya shehia inajua ni nyumba ipi ambayo moshi haukufuka jana, ni mtoto yupi ameacha skuli kwa kukosa viatu na sare, na ni mjane yupi anayeona haya kuomba. Orodha inayotengenezwa mbali huwapata wanaojua kujaza fomu, na aghalabu wanaojua kujaza fomu si wale wenye dhiki zaidi.

Sababu ya pili ni wepesi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikiwa katika safari ya kwenda Pemba. Msiba ule ulichukua roho za mamia ya ndugu zetu. Katika saa za mwanzo, kabla ya msaada mkubwa haujapangwa, walikuwapo wavuvi na waendesha boti wa Nungwi, waliotoka na vyombo vyao na petroli yao kuwaokoa watu waliokuwa wameshikilia magodoro na mbao baharini. Pwani wakawapo kina mama na kanga za kuwasitiri na chai ya moto. Hapana aliyemwambia mwenziwe angoje barua. Msiba ule ulitufundisha mengi kuhusu usalama wa vyombo vya baharini, na hayo yana mahali pake. Lakini ulitufundisha pia kwamba mkono unaofika kwanza ni mkono ulio karibu.

Sababu ya tatu ni heshima na kujitegemea. Msaada kutoka nje una faida zake, na si uungwana kumtukana aliyetusaidia. Lakini una muda wake, na una masharti yake. Mradi wa miaka mitatu humalizika baada ya miaka mitatu, hata kama yatima ndiyo kwanza ana miaka saba. Anayetoa ndiye anayechagua: mwaka huu visima, mwaka ujao semina. Fedha tunazotoa sisi wenyewe, hata zikiwa chache, hufuata haja zetu na hukaa kadiri tunavyokaa sisi. Zaidi ya hayo, katika jumuiya ya mtaa anayepewa leo ndiye atakayetoa kesho. Mtoto aliyelipiwa daftari huweza kurudi akiwa mwalimu wa jioni wa watoto wengine bila ya malipo. Hapo msaada haumdhalilishi mtu, bali humtia katika safu.

HABA NA HABA

Huenda msomaji akasema kwamba sisi ni masikini, na masikini hana cha kutoa. Natutazame hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kwamba Zanzibar ina watu 1,889,773. Wengi wao ni watoto, na wako wengine wasiokuwa na uwezo kabisa. Kwa hivyo tumhesabu mtu mmoja tu katika kila wanne, na mtu huyo atoe shilingi 100 kwa mwezi, ambayo haifiki bei ya kikombe cha kahawa barazani katika mitaa mingi. Zitapatikana zaidi ya shilingi milioni 47 kwa mwezi, na zaidi ya shilingi milioni 566 kwa mwaka. Mtu huyo huyo akitoa shilingi 500 kwa mwezi, jumla ya mwaka itapindukia shilingi bilioni 2.8. Hatusemi kwamba fedha hizo zikusanywe katika mfuko mmoja mjini. Zibaki katika shehia zilikotoka. Tunachosema ni kwamba tatizo letu si umasikini wa mifuko peke yake. Hatujajizoesha kutoa kidogo kwa utaratibu.

Maana tabia yetu ni kutoa kwa kishindo kisha tukalala. Ukiingia mwezi wa Ramadhani, mchele, tende na sukari humiminika mpaka nyumba nyengine hupata mafungu matatu ya futari kwa siku moja. Ukitoka mfungo mosi, milango hufungwa. Yatima hana njaa ya mwezi mmoja. Jumuiya inayopata shilingi chache kila mwezi inaweza kupanga. Inayopata magunia mara moja kwa mwaka hugawa tu, kisha hukaa ikiomba dua mwezi urudi.

AMANA

Wapo wanaosema kwamba hawatoi kwa sababu fedha huliwa. Shutuma hii si ya kupuuzwa. Zimewahi kuwapo kamati zilizokula michango, na kila shilingi moja ya mjane iliyoliwa imefunga mifuko mia ya watoaji. Mwizi wa mali ya yatima hamuibii yatima peke yake, huwaibia imani watu wote.

Lakini dawa ya daftari chafu ni daftari safi. Tunazinasihi jumuiya zetu zifanye mambo manne yasiyohitaji utaalamu mkubwa. Kila kinachopokewa kiandikiwe stakabadhi, hata kikiwa ni nazi tano. Fedha zisitolewe benki ila kwa saini ya zaidi ya mtu mmoja. Hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, kwa sauti, mahali ambapo kila mtu anaweza kuuliza. Na mshika fedha asiwe jamaa wa mwenyekiti. Yule mzee wa kile kisiwa hakuwa na skuli nyingi, lakini daftari lake lingeweza kukaguliwa na mkaguzi yeyote. Aibu yake ilikuwa ni kurasa tupu, wala haikuwa ni kurasa chafu.

Kuna amana nyengine, nayo ni ya sitara. Imekuwa ada siku hizi kumsimamisha yatima mbele ya kamera, kafungwa mkononi mfuko wa mchele, na mtoaji ametabasamu kando yake. Picha hiyo husambazwa kabla mchele haujapikwa. Qurani, katika Suratul-Baqara, imewaonya waumini wasizibatilishe sadaka zao kwa masimbulizi na maudhi. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima, na picha itakuwa bado ipo. Atoaye na atoe, na hesabu ioneshwe, lakini uso wa mhitaji usifanywe stakabadhi.

NENO KWA VIONGOZI

Kwa viongozi na watendaji tuna maneno machache, na tunayasema kwa udugu, kwa kuwa baadhi yake yanatuhusu sisi wenyewe tulio katika Chama.

Kwanza, mchango wa lazima si hisani. Palipo na amri, watu hutoa kwa hofu na huacha mara hofu ikiondoka. Sheha amhimize mwananchi, amueleze, amuoneshe daftari. Asimnyime barua yake kwa sababu hajachangia.

Pili, jumuiya zinazotaka kusajiliwa zisizungushwe. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Jumuiya Namba 6 ya mwaka 1995, wananchi wengi walijitokeza kujipanga kwa njia ya halali. Kamati ya kina mama watano wanaotaka kuwahudumia wagonjwa majumbani haistahiki kusafiri mara nne kutoka shamba hadi mjini kwa ajili ya mhuri mmoja. Nauli hizo nne zingetosha kununua dawa.

Tatu, kiongozi akiahidi, atimize. Tumehudhuria hafla nyingi za kuchangisha, ambapo ahadi zilitajwa kwa vipaza sauti na watu wakapiga makofi. Baadhi ya ahadi hizo zingali katika makofi yale. Bora kiongozi anayetoa shilingi elfu kumi papo hapo kuliko anayeahidi milioni kisha akazima simu. Kina mama wa kamati hununua saruji kwa mkopo kwa kuitegemea ahadi ile, na deni hubaki juu yao.

Nne, jumuiya zisigeuzwe ngazi ya kupandia uchaguzi. Njaa haina kadi. Jumuiya inayoulizia itikadi ya mgonjwa kabla ya kumpa dawa imeshaacha kuwa jumuiya ya hisani. Visiwa hivi vimeonja machungu ya mgawanyiko, na hapana mahali pazuri pa kuuponya kuliko katika kamati ambayo watu wa kila upande wanabeba jeneza moja.

HITIMISHO

Ndugu wananchi, hatukuandika haya ili mtu afunge gazeti akiwa amelia. Tumeandika ili afanye jambo. Wiki hii, kila mmoja wetu na aulize katika shehia yake kuna jumuiya gani, nani mshika fedha wake, na daftari lake likoje. Akiridhika, atoe alichonacho, na mwezi ujao atoe tena. Asiporidhika, aingie katika kamati alisafishe daftari. Asiyekuwa na fedha ana siku moja ya kazi, ana ujuzi wake, ana chombo chake cha kuazimisha, au ana miguu ya kumjulia hali mzee aliye peke yake.

Kile kisiwa tulichokitembelea kilirudi katika utaratibu wake. Tulipoondoka, kamati ilikuwa imeanza upya kukusanya, na dumu la petroli lilikuwa limewekwa kando, likiwa na amri kwamba lisiguswe ila kwa mgonjwa. Ikiwa boti ya wafadhili itafika, wataipokea kwa shukrani na watakuwa na mazoea ya kuitunza. Isipofika, mashua yao iko tayari ufukweni.